Nilinunua wageni 3,000 wa tovuti, wote wakawa roboti: uzoefu wangu na Google Search Console

Asubuhi moja nilifungua takwimu za tovuti yangu nikakuta wageni 3,112. Siku iliyotangulia walikuwa 9. Nilimwita mdogo wangu aje ashuhudie, kisha nikakimbilia kabatini kuhesabu mikoba iliyokuwa tayari. Ilikuwa 7. Nikaanza kujilaumu kwa kutonunua nyuzi za kutosha. Mpaka jioni hakuna aliyeagiza hata mmoja. Hakuna aliyeuliza bei, wala hakuna hata aliyekosea namba akanipigia kwa bahati mbaya.

Nafuma kwa kroshia: mikoba, vikapu vya kuwekea vitu vidogo vidogo, na viatu vya watoto wachanga. Kazi yote inafanyika nyumbani, kwenye kona ya sebule ambayo wenzangu walishakata tamaa ya kuidai. Tovuti nilijitengenezea mwenyewe kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, usiku baada ya usiku, na kwa karibu mwaka mzima walioingia humo ni mimi, mdogo wangu, na mimi tena kupitia simu ya mdogo wangu.

Wale 3,112 niliwanunua. Kuna huduma moja, jina lake nalihifadhi, ilikuwa ikinifuata kwa matangazo kila nikishika simu: lipia kifurushi, tukuletee maelfu ya wageni halisi kwenye tovuti yako. Nililipia kifurushi cha kati. Cha chini nilikiona hakina maana, cha juu sikukiweza. Na kwa haki yao, hawakuniibia kwa namna ile ya kawaida ya kulipwa na kutoweka. Idadi waliyoahidi ilifika, tena kwa wakati. Ila hawakuwa watu.

Nilikujaje kujua? Nilikuwa nimeunganisha tovuti na Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni, ile ya sasa iliyochukua nafasi ya toleo la zamani Julai 2023. Yenyewe haihesabu tu nani kaingia, inaangalia pia kama ameshughulika na chochote: amekaa zaidi ya sekunde 10, au amefungua kurasa 2, au amefanya lile tendo uliloliwekea alama kuwa muhimu kwako, kwa mfano kubonyeza kitufe cha kuagiza. Kati ya elfu tatu na ushei wangu, karibu wote hawakumaliza hata sekunde moja. Wote waliishia ukurasa wa mwanzo. Hakuna aliyefungua picha ya mkoba hata mmoja, na mikoba yangu si mibaya kiasi hicho. Kilichonimaliza kabisa ni ukubwa wa vioo vyao: 800 kwa 600, kila mmoja. Nani siku hizi anatumia kioo cha kipimo hicho, tena watu elfu tatu kwa siku moja?

Niliwaandikia kulalamika. Wakanijibu kwamba wageni wamefika kama tulivyokubaliana, na kama hawanunui basi niboreshe bidhaa zangu. Halafu katika barua pepe hiyohiyo wakaniuzia kifurushi kingine, viungo (linki) 500 kutoka tovuti nyingine vinavyoelekea kwangu, eti Google ipate kunipandisha. Hapo nilishtuka. Kununua viungo ili upande kwenye matokeo ya utafutaji ni kosa kwa kanuni za Google, na kuna tovuti nyingi zilizoporomoka mwaka 2012 ilipoleta badiliko lililoitwa Penguin kwa ajili ya michezo hiyohiyo. Pesa ya kwanza ilikuwa imepotea tu. Hii ya pili ingeniletea na kesi na Google.

Huduma hiyo naipa sifuri. Ningeweza kuipa chini ya hapo ningeipa, maana hata takwimu zangu za mwezi ule ziliharibika. Kila wastani niliotaka kuusoma ulikuwa umejaa roboti.

Sasa nije kwenye kilichonisaidia, ambacho kwa kejeli ya dunia ni cha bure. Google Search Console. Wakongwe watakumbuka ilipoitwa Webmaster Tools, kabla ya jina kubadilishwa 2015. Tofauti yake na Analytics ni hii: Analytics inakuonyesha mtu akishaingia ndani, Search Console inakuonyesha kilichotokea mlangoni kabla hajaingia. Aliandika maneno gani. Ukurasa wako ulitokea mara ngapi mbele ya macho ya watu. Wangapi walibofya. Ulikuwa nafasi ya ngapi.

Kuanza si kugumu ila kunataka utulivu. Lazima uthibitishe kuwa tovuti ni yako, na njia niliyotumia ni ya kubandika mstari mrefu wa herufi na namba kwenye mipangilio ya kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti. Niliunakili bila herufi ya mwisho. Siku mbili nzima nailaumu Google.

Baada ya hapo nikawasilisha ramani ya tovuti, lile faili linaloiambia Google kurasa zako ni zipi. WordPress hulitengeneza lenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, kwa hiyo nilijua lipo. Search Console ikasema haikulipata. Nikajaribu tena, haikulipata. Ndipo nikaingiza anwani ya ukurasa wangu wa mwanzo kwenye kile kisanduku cha juu cha kukagulia ukurasa, na jibu likaja: ukurasa huu haumo kwenye Google, umezuiwa na mwenye tovuti.

Mwenye tovuti ni mimi.

Kumbe siku ya kwanza kabisa naijenga, nikiona aibu mtu asije akaikuta haijakamilika, niliweka tiki kwenye kile kisanduku cha WordPress kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Kipo kwenye mipangilio ya usomaji, chini kabisa, kimya. Tiki hiyo inabandika katazo kwenye kila ukurasa, na inazima hata ramani ya tovuti. Nilifunga mlango kwa ndani, nikasahau, kisha nikaenda kulipa watu waje wagonge. Kama una tovuti na hujapata mgeni wa Google hata mmoja, kabla hujasoma kitu kingine chochote nenda kaangalie kisanduku hicho.

Nilitoa tiki, nikaomba kurasa zikaguliwe, nikarudi kwenye sindano yangu. Zilianza kuonekana moja moja, si kwa mpigo. Kwa wiki kadhaa ripoti ilikuwa tupu au inakaribia utupu, na huu ndio muda ambao watu wengi hukata tamaa. Mimi mwenyewe nisingekuwa na hasira ya kile kifurushi ningeshaacha.

Kisha maneno yakaanza kuingia. Usiku wa kwanza niliosoma orodha ile nilikuwa na kiatu cha mtoto mkononi, nimebakiza kisigino, na sikukimaliza mpaka kesho yake. Mikoba yangu nilikuwa nimeipa majina mazuri: Pambazuko, Mawimbi, Utulivu. Kichwa cha ukurasa wa mkoba niupendao kuliko yote kilikuwa "Pambazuko" basi, hakuna neno jingine. Nani anaamka asubuhi akaandika Pambazuko kwenye Google akitarajia mkoba? Watu walikuwa wakiandika "mkoba wa kroshia wa begani". "Mkoba wa kufuma wenye zipu". "Viatu vya kufuma vya mtoto mchanga saizi". Mimi wala sikuwa nimeandika saizi popote, nilifikiri mama atauliza.

Nikavunja ushairi. Kichwa kikawa "Mkoba wa kroshia wa begani, wenye bitana na zipu", na Pambazuko likashuka chini kwa maandishi madogo. Kwenye viatu nikaweka urefu wa wayo kwa sentimita, nilizozipima kwa rula na si kwa kukisia. Yale maneno muhimu yaliyofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, ambayo nilikuwa nimeyajaza kwa uvumilivu mkubwa, niligundua kuwa Google ilishatangaza tangu 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Jioni zangu zile hazitarudi.

Lakini neno lililobadilisha biashara yangu lilikuwa hili: "jinsi ya kufua mkoba wa kroshia usitanuke". Nilitokea kwa neno hilo kwa sababu tu chini ya ukurasa mmoja nilikuwa nimeandika mistari miwili ya ufuaji, kwa kujihami, mteja asije akarudisha. Watu walikuwa wanaiona mistari ile miwili kwenye nafasi ya thelathini na kitu na bado wengine wanabofya. Yaani walikuwa wamekwama kweli.

Nikaandika ukurasa mzima. Nilifua mkoba wangu mwenyewe nikiupiga picha hatua kwa hatua: maji ya baridi, sabuni kidogo, usiusugue. Kukamua ni kwa kuuviringisha ndani ya taulo na kukandamiza, si kuusokota. Na usiutundike ukiwa umelowa, maana maji ni mazito na uzito wote unaning'inia kwenye vitanzi vya kamba. Ndiyo asili ya ile mikoba inayofika magotini. Ulaze bapa mpaka ukauke. Nikaongeza la pasi, kwamba uzi wa akriliki ukipigwa pasi ya moto unalegea na haurudi tena, tofauti na wa pamba. Mambo ninayoyajua usingizini. Sikuwahi kudhani kuna mtu anayatafuta.

Ukurasa huo sasa ndio unaoniletea wageni wengi kuliko kurasa zote za bidhaa zikijumlishwa. Wengi wanasoma na kuondoka, na sina kinyongo nao. Ila mteja wangu wa kwanza asiyenifahamu kabisa alipitia hapo. Mkoba wake, ambao hakuununua kwangu, ulikuwa umeshatanuka, akaniuliza kama natengeneza wenye bitana na kamba iliyoshonewa kitambaa kwa ndani. Niliusoma ujumbe ule mara nne.

Picha nazo zilinitia aibu. Nilikuwa nazipakia kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja megabaiti 5, ukurasa una picha 8. Piga hesabu mwenyewe mtu mwenye bando dogo anaingiaje. Chombo kingine cha Google, PageSpeed Insights, kinachopima kasi ya ukurasa, kinataka kile kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Changu kilichukua 14. Nilizipunguza upana hadi pikseli 1,200, nikazihifadhi kwa umbo la WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, zikashuka chini ya kilobaiti 150 kila moja na macho yangu hayakuona tofauti. Majina nayo nikabadili, kutoka IMG_4471 hadi mkoba-kroshia-bluu.

Pinterest, mtandao wa kutafuta na kuhifadhi picha, niliigusa pembeni tu. Picha ya wima, pikseli 1,000 kwa 1,500, ikiongoza kwenye ukurasa wa ufuaji. Kwangu posti ya Instagram hufa ndani ya siku mbili, ile ya Pinterest ilikaa kimya miezi miwili ndipo ikaanza kuleta watu. Siielewi vizuri na sijajilazimisha.

Search Console ina kero zake, tusidanganyane. Data zake kamili zinachelewa siku mbili tatu, kwa hiyo ukibadilisha kitu leo usikae unaitazama kama sufuria jikoni. Maneno yanayotafutwa na watu wachache sana inayaficha kwa ajili ya faragha, hivyo ukijumlisha mibofyo ya orodha haifiki jumla iliyoandikwa juu, na mara ya kwanza nilidhani ni hitilafu. Inahifadhi miezi 16 tu nyuma. Ile nafasi ya wastani inachanganya: inaniambia niko nafasi ya 8, kwenye simu yangu niko wa kwanza, kwenye simu ya mdogo wangu sipo kabisa. Na haijui nani amenunua. Mauzo nayaandika mwenyewe kwenye daftari, na pembeni nauliza kila mteja alinionea wapi.

Kama wateja wako wote wanakujua kwa mdomo na oda zinakuzidi, huna haja na haya yote, picha zako za WhatsApp zinakutosha. Mimi sasa napata wageni kama 40 kwa siku. Mkoba mmoja hunichukua siku mbili, tatu ukiwa na bitana. Wale 3,112 wangekuwa watu kweli na nusu yao wakaagiza, ningekuwa nafuma mpaka leo na matusi juu.

Kila Jumatatu jioni natenga dakika 20 nasoma maneno mapya. Wiki hii limeingia "mkoba wa kroshia wa kubebea kompyuta", nimetokea kwa neno hilo mara 60, mibofyo 0, kwa sababu mkoba huo sina. Nimeshauanza. Kamba nimeifumua mara mbili, kompyuta ni nzito kuliko nilivyodhani.