Fimbo ya kuvulia ufukoni kwa bei nafuu: anza na pete

Malalamiko ya wavuvi wa ufukoni, kuanzia Coco Beach mpaka Nyali, yanafanana: mshipi umekatika hewani wakati wa kurusha, chambo kimepotelea baharini, na hakuna samaki aliyegusa. Lawama zote anatupiwa mshipi. Unanunuliwa mwingine wa bei zaidi, nao unakatika vilevile. Mara nyingi mkosaji yuko juu ya fimbo yenyewe. Pete moja kati ya zile zinazopitisha mshipi, aghalabu ile ya nchani, ina ufa usioonekana kwa macho, au kutu imeshaanza kuila. Basi humu hutasoma habari za rangi, wala kama mpini wa koki ni bora kuliko wa sponji. Urefu na uzito vinamalizwa kwa aya moja, kisha ni pete.

Bamvua la pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na katikati kuna mwamba. Fimbo ya futi 9 hadi 10 inatosha kuuvusha mshipi juu ya mawe. Ikizidi hapo, mkono unachoka kabla maji hayajageuka. Soma maandishi yaliyo juu ya mpini. Ukirusha chambo bandia kwa ajili ya kolekole na mzia, uzito wa kurusha uwe gramu 20 hadi 60. Ukitega kwa chubwi na vipande vya ngisi kutafuta changu au chewa, tafuta gramu 50 hadi 100. Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, iwe saizi 4000 au 5000, mshipi wa kusukwa wa ratili 30, na mbele yake mita moja na nusu ya nailoni nene ya ratili 40 au 50, kwa sababu mshipi wa kusukwa ukisuguana na mwamba chini ya uzito haudumu. Fimbo yenyewe iwe ya vipande viwili. Hayo yametosha.

Sasa pete. Kila pete ina kiunzi cha chuma, mguu mmoja au miwili iliyofungwa kwenye fimbo kwa uzi na kufunikwa kwa epoksi (gundi ngumu inayong'aa kama vanishi), na ndani mara nyingi kuna duara la kauri ambamo mshipi unapita. Kwenye fimbo za bei ya chini, kiunzi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Kiwandani, ncha ya mguu husagwa iwe bapa ili uzi uweze kuupanda. Kama kromu ilitangulia, msasa umeiondoa, na chuma kitupu kimefichwa chini ya uzi. Maji ya chumvi yakipata upenyo mdogo kwenye epoksi, yanaingia na hayatoki. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inaisukuma epoksi juu, epoksi inapasuka zaidi, maji zaidi yanaingia. Utakachokiona wewe ni mstari wa kahawia chini ya vanishi, upande wa mguu tu, na pete ikicheza kidogo ukiisukuma kwa kidole gumba. Ukisubiri, siku moja utarusha na pete itakwenda na mshipi.

Hata stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, haijasalimika kabisa. Inajilinda kwa hewa, na chini ya epoksi iliyopasuka hewa haifiki, ila chumvi inafika. Tofauti ni kwamba itachukua muda mrefu sana, na ukiisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila urudipo, muda huo unaongezeka.

Kauri nayo ina ugonjwa wake. Haipati kutu, lakini fimbo ikiangukia jiwe inapata ufa. Mshipi wa kusukwa ukipita hapo kwa kasi ya kurushwa, nyuzi zake zinakatwa moja moja, na mwisho unakatika wote mahali ambapo hukutarajia.

Dukani fanya hivi, na usione haya. Beba sumaku ndogo, hata ya spika mbovu ya simu, iguse kwenye kiunzi cha kila pete. Ikinata kwa nguvu, hicho karibu hakika ni chuma kilichopakwa. Stenlesi haivuti, au inavuta kidogo sana pale ilipokunjwa. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kizungushe ndani ya kila duara. Nyuzi za pamba zikinaswa mahali, pana ufa. Sukuma kauri kwa kidole gumba kutoka pande zote mbili. Isisogee wala isizunguke. Angalia miguu kwenye mwanga wa jua, si taa ya duka: epoksi iufunike mguu mzima, pamoja na pale unapotokeza kutoka kwenye uzi, maana wafungaji wa haraka huacha kitundu hapo. Kisha tazama kutoka mpinini kuelekea nchani, jicho moja limefumbwa, uone kama pete zimepangana.

Hesabu pia. Fimbo ya futi 9 yenye pete nne tu inaacha mshipi uguse mti wa fimbo kila samaki anapovuta. Zisipungue sita pamoja na ya nchani. Pete ya kwanza, iliyo karibu na rili, iwe na kipenyo cha milimita 30 hadi 40. Ikiwa ndogo, mizunguko mipana inayotoka kwenye rili inajibana hapo, urushaji unakuwa mfupi, na mshipi wa kusukwa unajifunga mafundo yasiyofunguka.

Kwa vigezo hivyo, orodha ni fupi.

Ya kwanza ni Ugly Stik, na hapa sitajifanya mwamuzi asiye na timu. Shakespeare wamekuwa wakiitengeneza tangu 1976, kwa mchanganyiko wa faiba na grafaiti, na ncha ya faiba isiyo na uwazi ndani. Sababu ya kuipa nafasi hii ni pete zake za stenlesi za kipande kimoja, zisizo na kauri ya kupasuka wala kuchomoka. Fimbo nyingi za toleo lake la GX2 ni fupi, za futi 6 na 7, kwa hiyo ni za gatini na kwenye mikono ya bahari. Kwa ufuko wazi tafuta toleo la Bigwater la futi 9 au 10, na uhakikishe ni toleo lenye pete hizo za kipande kimoja. Ina kasoro: ni nzito, na haikupi habari ya mguso mdogo kama fimbo ya grafaiti tupu. Tena chuma kitupu kinaweza kuchimbwa mfereji na mshipi wenye mchanga, kwa hiyo pitisha ukucha kwenye pete ya nchani mara kwa mara. Bado ndiyo fimbo ya kuangukia mwamba na kuendelea na kazi.

Ya pili ni Shimano au Daiwa ya ngazi ya chini, kwa sharti moja: iwe na pete na kiti cha rili vya Fuji, kampuni ya Japani inayotengeneza vifaa hivyo. Jina la Shimano kwenye mti halimaanishi pete ni za Fuji. Kwenye fimbo za bei ya chini mara nyingi si za Fuji. Ikitimiza sharti, ni nyepesi kuliko Ugly Stik na inarusha mbali zaidi. Mwenye mkono mwangalifu na anayevua kwenye mchanga, kama ufuko wa Bagamoyo, aichukue hii. Wa mwamba arudi ya kwanza.

Ya tatu ni fimbo nene ya faiba isiyo na jina, inayouzwa kwa ajili ya kuvua kwa chubwi na chambo. Hairushi mbali, ila haivunjiki kirahisi. Ikipita mtihani wa sumaku, nunua.

Ya kuvuta kama antena ya redio: acha. Mchanga na chumvi vinaikwamisha, na pete zake zimebandikwa kwa gundi tu.

Bei yenyewe ni mateso. Marekani GX2 ni ya dola 50 hivi, huku kwetu ikifika hubeba faida ya kila aliyeigusa njiani. Kanuni za 2025 za Tanzania zimekataza kutangaza bei za bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni, basi sasa kibandiko kimeandikwa shilingi, lakini hesabu ya muuzaji ni ileile ya dola, na ikipanda hupanda siku hiyohiyo. Ikishuka, mzigo ni wa zamani. Halafu kuna fimbo iliyoning'inizwa mlangoni miezi na miezi, inapigwa na jua na upepo wa chumvi, na inauzwa kama iliyotoka kwenye boksi leo. Ukiomba mfuko wa nailoni utolewe ukague miguu ya pete, unaambiwa "hii orijino, bosi." Asiyetaka uitoe nailoni anajua kilicho ndani. Na seti zile za fimbo, rili, mshipi na ndoano ndani ya mfuko mmoja zenye kibandiko cha "kaboni asilimia 99", ziachie watoto.

Mwenye ndugu Muscat au Dubai amwagize huko, kwenye maduka mengi na chaguo pana. Kipande kimoja cha fimbo ya futi 9 kina karibu mita 1.4, kwa hiyo kisafiri ndani ya bomba la PVC la inchi 3 lililozibwa pande zote, na shirika la ndege liulizwe kwanza kuhusu urefu.

Linaloudhi kuliko yote ni kwamba duka lenye ukuta mzima wa fimbo halina pete moja ya nchani ya akiba. Ndiyo maana, popote utakapoipata, nunua mbili za kipimo cha fimbo yako. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Pasha moto kibomba cha pete kwa kiberiti cha gesi, sekunde tano hivi kwa awamu, ukiuelekeza kwenye chuma na si kwenye mti wa fimbo, maana joto kali huharibu gundi inayoshika nyuzi za kaboni. Ivute kwa koleo lililofungwa kitambaa. Kwangua gundi ya zamani, yeyusha kidogo ile gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa moto, paka nchani, ingiza pete mpya na uilinganishe na inayofuata kabla haijapoa. Usitumie supaglu: ikishika, kuitoa pete hiyo baadaye ni vigumu, na ncha inaweza kuvunjika.