Kikapu cha Mboga Kutoka Bustani ya Wanaojitolea: Tathmini ya Msimu Mmoja

Kwa msimu mzima nimekuwa nikichukua kikapu cha mboga kila wiki kutoka bustani ya jamii inayoendeshwa na majirani wanaojitolea hapa mashambani tunapoishi, na kwa kuwa utaratibu wenyewe unamtaka kila mpokeaji atoe pia saa chache za kazi, nimeifahamu huduma hii nikiwa mlaji na nikiwa mpalilia matuta.

Sifa kubwa naitoa kwa mboga za majani. Huvunwa alfajiri, kabla jua halijapanda, kisha hulazwa kivulini na kufunikwa kwa kitambaa kibichi mpaka mwenyewe afike kuchukua fungu lake. Jambo hili si dogo, kwa maana jani la spinachi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na likichumwa mchana huanza kunyauka lingali mikononi mwa mvunaji. Fungu nililochukua saa 3 asubuhi lilikuwa bado limesimama wima nilipolikata jioni. Nyanya nazo huachwa ziive kwenye mche, anasa isiyowezekana kwa nyanya za safari ndefu, ambazo huchumwa zikiwa ngumu ili zisipondeke njiani. (Ukizipata, usizitie kwenye jokofu, baridi huziua ladha.)

Upakiaji, kwa bahati mbaya, hauna uangalifu wa uvunaji. Mara mbili nimekuta nyanya hizo zimepasuka chini ya boga. Karoti hutolewa na majani yake, yanayopendeza macho lakini yanaendelea kunyonya maji ya mzizi hata baada ya kung'olewa, hivyo siku ya tatu karoti hujipinda kama kamba. Nilipomshauri mzee anayesimamia vikapu kwamba majani yakatwe, alitabasamu akasema, "Nikiyakata, mwanangu, watu watadhani tumezinunua dukani." Sikuwa na jibu, siku hizi nayakata mwenyewe pale pale mezani kwake, naye hunipokea majani hayo na kuyapeleka kwenye mboji.

Mboji yenyewe inastahili kutajwa, kwa kuwa ndiyo inayoibeba bustani nzima. Wenyeji wa kazi huchomeka fimbo ya chuma katikati ya lundo na kuiacha kwa muda; ikichomolewa ikiwa haishikiki kwa joto, wanajua kazi inakwenda sawa, kwani lundo lililofikia nyuzi joto 55 na kukaa hapo siku kadhaa huua sehemu kubwa ya mbegu za magugu. Nimepalilia matuta yaliyotiwa mboji hiyo na matuta yaliyotiwa samadi isiyoiva, na mgongo wangu unaijua tofauti.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii uko katika ratiba. Jumamosi ya kupanda miche hujaa watu, wengine hata hukosa jembe la kushika, lakini Jumatano ya kumwagilia na kuchuma anaweza kufika mtu mmoja tu, au asifike kabisa. Maharage machanga yanataka kuchumwa kila baada ya siku mbili au tatu, la sivyo maganda hukomaa na mmea hupunguza kutoa maua. Katikati ya msimu zamu ya Jumatano ilikosa watu majuma mawili mfululizo wakati wa jua kali, letusi ikapanda maua na kuwa chungu, na vikapu vilivyofuata vikawa vya vitunguu na maboga. Hakuna aliyetuomba radhi wala kutueleza, ingawa ubao wa matangazo upo mlangoni, na kwa anayetegemea kikapu hiki kuilisha familia, ukimya huo unaudhi kuliko upungufu wenyewe.

Anayetaka kuchagua mboga zake, au kuletewa nyumbani, atafute kwingine. Mimi nimejiandikisha tena kwa msimu ujao, nikiomba nusu kikapu na zamu ya Jumatano.