Sahihi 6,380 kwa Siku Nne: Tathmini ya Huduma ya Kukusanya Sahihi Jijini Nairobi

Kampuni ninayoitathmini hapa ina ofisi ya chumba kimoja katika orofa ya tatu ya jengo lililo katikati ya jiji, na kazi yake ni kuwakusanyia wateja sahihi za kuunga mkono maombi ya umma, yakiwemo yanayopelekwa Bungeni, yanayopelekwa katika mabunge ya kaunti, na, kwa maelezo yao wenyewe, hata fomu za wanasiasa wanaotaka kuwania viti bila chama. Sitaitaja jina, kwa kuwa malipo bado yanabishaniwa. Chama cha wakazi wa mtaa wetu wa Eastlands, mashariki mwa jiji, ambacho mimi ni katibu wake, kiliikodi ili itusaidie kupeleka ombi katika Bunge la Kaunti kuhusu uwanja wa watoto uliozungushiwa mabati usiku mmoja na watu ambao hadi leo hawajajitokeza na hatimiliki. Tuliagiza sahihi 5,000 kwa shilingi 15 kila moja, tukalipa shilingi 40,000 za kuanzia kwa M-Pesa, na siku ya tano bodaboda akatuletea katoni mbili zenye karatasi 319, kila karatasi ikiwa na mistari 20 iliyojaa hadi wa mwisho.

Mwenyekiti wetu alifurahi sana. Mimi ndiyo hiyo mistari iliyojaa hadi wa mwisho iliyonitia wasiwasi.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye lango la kanisa au msikiti akiomba sahihi anajua jinsi karatasi halisi inavyorudi nyumbani. Hurudi imekunjwa pembeni, ina doa la mafuta kwa sababu muuza chapati alitia sahihi bila kunawa, ina mstari uliofutwa kwa sababu mzee fulani alianza kuandika nambari ya simu mahali pa kitambulisho, na kalamu hubadilika kutoka buluu hadi nyeusi pale ya kwanza inapokauka. Wajitoleaji wetu wenyewe, kabla hatujaikodi kampuni, walikuwa wamekusanya sahihi 412 kwa wikendi mbili, na hakuna hata karatasi moja kati ya zao iliyokuwa safi. Zile za katoni zilikuwa nyeupe kama zimetoka dukani.

Nilianza na hesabu, kwa sababu hesabu haimkosei mtu adabu. Kampuni ilituambia kwamba makarani watano walifanya kazi kwa siku nne, saa nane kila siku, nazo ni jumla ya saa 160 za kazi. Ukigawanya sahihi 6,380 kwa saa hizo unapata sahihi 40 hivi kwa saa, yaani moja kila dakika moja na nusu, bila karani kunywa chai, bila kutembea kutoka nyumba hadi nyumba, na bila mtu hata mmoja kuuliza, "Ni ya nini hii?" Wajitoleaji wetu walipojipima walikuta kwamba mkazi aliye tayari kabisa huchukua dakika nne au tano, kwa kuwa kwanza anataka kusimuliwa habari ya uwanja, kisha anataka kusimulia yeye yake, ndipo anatafuta kitambulisho mfukoni.

Baada ya hapo nilichukua kila karatasi ya kumi, nikapata karatasi 31 zenye majina 620, nikakaa nazo mezani usiku mbili. Katika karatasi moja majina yote yalifuatana kwa alfabeti, kuanzia Achieng hadi Cherono, jambo ambalo haliwezekani kutokea barabarani lakini hutokea mara moja mtu anaponakili orodha ya shule au ya kanisa. Katika nyingine nambari za vitambulisho zilipanda kwa moja moja kutoka juu hadi chini, kana kwamba watu ishirini walipanga foleni pamoja kwa msajili siku ileile na kisha wakakutana tena mbele ya karani wetu. Nambari kadhaa za simu zilikuwa na tarakimu tisa au kumi na moja. Nilimkuta pia jirani yangu tuliyemzika Lang'ata mwaka jana, ametia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko aliokuwa nao akiwa hai.

Tuligawana nambari 60 zilizoonekana kamili, tukazipiga. Kumi na tisa hazikupatikana kabisa. Watu 23 walisema hawajawahi kusikia habari ya uwanja wala ya ombi. Watu 11 walikiri kwamba waliandika majina yao, ila waliambiwa ni orodha ya basari au ya chakula cha msaada. Waliotia sahihi wakijua wanachounga mkono walikuwa saba. Sidai kwamba simu 60 zinatosha kuhukumu katoni mbili nzima, lakini zinatosha kumnyima mtu usingizi ikiwa jina lake ndilo litakaloandikwa kama mwasilishaji.

Kasoro iliyonikera kuliko zote haikuwa katika majina. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinataka waraka wa ombi wenye karatasi zaidi ya moja uwe na mada yake kwenye kila karatasi, na sahihi ziandikwe papo hapo kwenye waraka wenyewe, si kubandikwa wala kuhamishwa kutoka mahali pengine. Tulikuwa tumeiandikia kampuni kwamba tunataka utaratibu huohuo ufuatwe. Maneno kuhusu uwanja wetu yalikuwa kwenye karatasi ya kwanza peke yake. Zile 318 zilizosalia zilikuwa na vichwa vya safu tu, yaani jina, kitambulisho, wadi, simu na sahihi, kwa hiyo zingeweza kushikizwa kwa pini nyuma ya ombi lolote duniani. Karatasi kadhaa zilikuwa fupi kuliko wenzake kwa upana wa vidole viwili, zimekatwa juu kwa wembe na rula, na katika safu ya wadi kulikuwa na wadi za Kiambu. Nani alitia sahihi hizo, mwaka gani, akiunga mkono jambo gani, sijui, na nina hakika yeye pia hakuambiwa kwamba siku moja angeutetea uwanja wa watoto wa Eastlands.

Nilipanda orofa ya tatu kuuliza. Msimamizi, kijana mwenye adabu aliyenipa kiti na maji, hakubisha sana. "Mzee wangu," akaniambia, "hakuna mtu anayehesabu. Wanaangalia unene." Nilimjibu kwamba mimi nimehesabu. Akacheka kwa heshima.

Kwa bahati mbaya historia haimpingi kabisa, wala haimuungi mkono kabisa. Kampeni ya Okoa Kenya, iliyotaka kubadilisha Katiba, ilipeleka kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka sahihi zilizodaiwa kuzidi milioni 1.6, mwaka 2016 tume ikakubali 891,598 tu, na azma ya kura ya maamuzi ikafia hapo kwa sababu Kifungu cha 257 cha Katiba kinadai wapiga kura milioni moja waliosajiliwa. Miaka minne baadaye mpango mwingine wa kubadilisha Katiba, BBI (Building Bridges Initiative), uliwasilisha takriban milioni 4.4, na Januari 2021 tume ikatangaza kuwa zaidi ya 1,140,000 zimepita. Kizingiti kilivukwa, lakini pengo kati ya idadi iliyopigiwa tarumbeta na ile iliyothibitishwa lilibaki wazi, na tume yenyewe haikuwa na hifadhi ya sahihi za wapiga kura ambazo ingeweza kulinganisha nazo. Katikati ya mwaka huohuo, Wakenya wengi walipoingia katika mtandao wa serikali walishangaa kujikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Katika nchi ambayo mtu anaweza kusajiliwa chamani bila kujua, kuletewa sahihi ya marehemu si muujiza.

Wala ugonjwa huu hatukuuanzisha sisi. Mwaka 1848 vuguvugu la Chartist nchini Uingereza, lililodai wafanyakazi wapewe haki ya kura, lilipeleka bungeni ombi lililodaiwa kuwa na sahihi zaidi ya milioni 5.7, makarani wa bunge walipozihesabu walipata 1,975,496, na miongoni mwake kulikuwa na sahihi ya Malkia Victoria na ya Duke wa Wellington, watu wawili ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuliunga mkono. Waliokuwa na shida ya kweli ndio walioumia, kwa sababu kuanzia siku ile watu walicheka sahihi bandia na kusahau kwamba takriban milioni mbili bado ni umati mkubwa. Mwaka 2016 mtandao wa maombi wa bunge hilohilo uliondoa sahihi zipatazo 77,000 katika ombi la kutaka kura ya pili kuhusu Umoja wa Ulaya, baada ya sahihi elfu kadhaa kuonekana kutoka Vatikani, ambako hata watu elfu moja hawafiki.

Mfano ulionifundisha zaidi kuhusu bei ni wa jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 2022 wagombea watano wa ugavana kupitia chama cha Republican waliondolewa kinyang'anyironi baada ya maafisa wa uchaguzi kugundua kwamba wakusanyaji 36 waliolipwa walikuwa wamewasilisha, katika fomu za wagombea mbalimbali, sahihi batili zisizopungua 68,000. Baadhi ya karatasi zilionyesha dalili za watu wachache walioketi mezani wakipitishiana karatasi, kila mmoja akijaza mstari mmoja ili miandiko itofautiane. Ukimlipa mtu kwa kila sahihi, amekwisha kujua mahali pa kukatia kona. Shilingi 15 ni bei ya wino, si bei ya kumsikiliza mama mboga akieleza mahali mwanawe alipokuwa akichezea mpira.

Niseme pia yaliyo mazuri. Kampuni ilifika kwa wakati, risiti ilitolewa bila kuombwa mara mbili, na safu za fomu zilichapwa vizuri kuliko zetu. Kwa anayehitaji kuchapishiwa fomu tupu, ningemshauri aende. Kwa anayehitaji sahihi, hapana, na hasa kwa kuwa ombi, liwe la Bungeni au la Bunge la Kaunti, halina idadi ya chini: sheria inamruhusu hata mtu mmoja kuomba, kwa hiyo hizo 5,000 tulizitaka kwa ajili ya kuogopwa tu. Kosa hilo ni letu.

Mgogoro uliobaki ni wa aina mbili. Wanadai shilingi 55,700, zikiwemo za sahihi 1,380 ambazo hatukuziagiza, nami nimewaomba majina ya makarani watano pamoja na tarehe na sehemu walizofanyia kazi. Wamepiga simu kila Jumatatu kuhusu pesa, na kuhusu makarani hawajajibu. Halafu kuna katoni zenyewe. Zina nambari za vitambulisho na za simu za watu wasio na habari, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hainipi raha ya kuziacha sebuleni. Nikizirudisha zitauzwa kwa mwingine. Nikizichoma nimechoma ushahidi. Kwa sasa ziko ndani ya kabati la chuma la chama, na ufunguo ninao mimi.

Ombi tuliliwasilisha katika Bunge la Kaunti, City Hall, likiwa na sahihi zetu 412, karatasi 21 zenye madoa ya mafuta. Karani aliyezipokea hakuuliza idadi. Alipitisha kidole juu ya kila karatasi, moja baada ya nyingine, akihakikisha kwamba mada ya ombi imeandikwa, kisha akagonga muhuri.