Shoo za bure kwa laibrari za Nairobi: anza na Kaloleni

Watu wa huku Makongeni wamekua wakiniuliza sana kama hizi programu za sanaa za bure kwa laibrari za kaunti ni za ukweli ama ni zile za kuita watu wapigwe picha na wafadhili alafu kila mtu arudi kwao njaa, sasa acha niandike yote hapa mara moja. Ni za ukweli. Nimeenda na watoto, nimeenda peke yangu, nimeenda na mamangu mwenye hajawai penda mambo ya kukaa ukumbini, na wote tulitoka na kitu. Na ukitaka kujua pa kuanzia, anza Kaloleni, usikimbilie ile kubwa ya tauni.

Kwa wenye hawajui, hizi laibrari ni tatu. Kuna McMillan pale Banda Street karibu na Jamia Mosque, ile yenye simba wawili wa mawe kwa ngazi, watu hupita hapo kila siku na hawajui wanaruhusiwa kuingia. Kuna Makadara, yenye wengi huiita Eastlands. Alafu Kaloleni. Zote ni za kaunti, na 2018 kaunti ilianza kushirikiana na Book Bunk, shirika lenye lilianzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Ni hao walianza kuzikarabati, wakaanza na hizi za mtaani kwanza, na hapo ndio mi niliwapea heshima, juu mtu mwingine angeweka pesa yote kwa ile ya tauni yenye inaonekana na wageni. Sasa kando na vitabu unapata hadithi za watoto, muziki, filamu, mashairi, maonyesho ya picha, mazungumzo na waandishi. NBO Litfest yenyewe, ile sherehe ya vitabu, ilianza kwa hizi laibrari na kiingilio kilikua bure.

Nikuambie kuhusu siku ya nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, juu hiyo ndio ilinifanya nikaanza kusumbua majirani waende. Mpigaji alikua mzee mmoja amevaa kofia, akakaa kwa kile kigoda kifupi karibu na sakafu, nyatiti imelala mbele yake, nyuzi nane, na kwa mguu amefunga njuga. Sasa kwa kidole gumba cha mguu alikua amevaa pete ya chuma, na hiyo pete ndio anagongesha kwa ubao wa nyatiti kushika mdundo wakati mikono iko kwa nyuzi na njuga nazo zinalia na mdomo unaimba. Mtu mmoja, ala tatu na sauti. Kwa redio nimesikia nyatiti tangu nikiwa mdogo na sikuwai jua ule mlio wa ko-ko-ko unatoka kwa kidole cha mguu! Watoto wa mbele walikua wamelala kifudifudi kwa mkeka kabisa, macho kwa hicho kidole, hakuna mwenye alikua anaangalia uso wa mzee. Kuna kijana kama wa darasa la tano akauliza, "Babu, hauumii?" Mzee akamvulia hiyo pete akampea aishike, ikaanza kupitishwa mkono kwa mkono hadi ikamrudia, alafu ndio akaendelea na wimbo. Hiyo hautapata kwa shoo ya kulipa, kule steji iko juu na kuna mtu wa kukusukuma nyuma ukikaribia.

Programu ikiisha watoto hawafukuzwi, rafu ziko hapo hapo hatua chache. Siku hiyo niliona msichana akiuliza kwa deski kama kuna kitabu cha ngoma na ala za Kenya, wakatafuta naye, akakaa chini nacho. Hii ndio inafanya nisikubaliane na wale wanasema sanaa ipelekwe kwa kumbi za sanaa na laibrari iachwe kwa kusoma tu kimya kimya. Mtoto akishaguswa na kitu, kile kitabu cha hicho kitu kinafaa kiwe karibu wakati huo huo kabla hajafika nyumbani na kusahau. Kwa ukumbi wa kawaida unatoka unapata barabara na mtu wa mahindi choma.

Hadithi za watoto nazo ni nzuri, ata kama inategemea msimuliaji. Nimeona mwenye anasoma tu kitabu akigeuza kurasa na watoto wanaanza kuchezea viatu, na nimeona mwingine anasimama mlangoni bila kitabu anaita "Paukwa!" na nyumba nzima inajibu "Pakawa!" hadi mama wa mboga wa nje anaingiza kichwa kuangalia kuna nini. Huyo wa pili alikua anachanganya Kiswahili na Sheng na akifika kwa wimbo wa fisi anauliza nani anaujua kwa lugha ya kwao, mtoto mmoja akauimba kwa Kiluhya, mwingine akasimama na wa Kijaluo. Ukisikia msimuliaji wa namna hiyo anakuja, acha nguo kwa beseni uende.

Sasa kwa nini nasema Kaloleni kwanza. Ya kwanza ni nauli. Mtu akikuambia shoo ni ya bure alafu iko tauni, na wewe ni mama na watoto watatu uko huku Jogoo Road, ukihesabu matatu ya kwenda, matatu ya kurudi, na mtoto mwenye lazima ataona soda, umemaliza pesa ya unga na sukuma ya siku mbili. Kaloleni mi natembea. Watu wa Mbotela wanatembea, wa Makongeni wanatembea, watoto wanakuja wenyewe na ndala wakiwa wamebebana na wadogo wao mgongoni. Ukiangalia wenye wamekaa kwa mkeka Kaloleni na wenye wamekaa kwa viti McMillan utaona tofauti bila kuambiwa, na mi naamini hawa wa mkeka ndio wanaihitaji zaidi.

Ya pili ni kwamba Kaloleni si mahali pa kuletewa utamaduni kama msaada, utamaduni ulikua hapo tangu kitambo. Hii esteti ilijengwa miaka ya 1940 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walifanya kazi hapo, zile nyumba za chini zenye paa la vigae na uwanja katikati, na Kaloleni Social Hall ndio kina Tom Mboya walikua wanafanyia mikutano enzi za kudai uhuru. Ngoma, siasa, dansi, mazishi ya mbali yakichangiwa, yote yalipita hapo. Kwa hivyo programu ikikaribisha wazee wa mtaa wakae mbele waeleze maisha yalikua aje, ukumbi unajaa na wanabishana vizuri, mmoja akisema bendi fulani ilipiga hapa Krismasi mwingine anamwambia, "Wacha uongo mzee mwenzangu, hiyo ilikua Pumwani." Mi hizo za wazee nazipenda kuliko ata muziki. Ningeomba zirekodiwe zote, kila moja, juu hao wazee wanapungua na kuna vitu wanajua hazijaandikwa mahali.

McMillan nisiidharau lakini. Ukienda hapo jioni kuna muziki ama mashairi, enda ukijua historia yake, itakusaidia kusikia vizuri. Lady Lucie McMillan ndiye aliijenga kumkumbuka bwanake, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekua na mashamba makubwa upande wa Juja na Ol Donyo Sabuk, na ilifunguliwa 1931. Hadi 1958 ilikua ya Wazungu peke yao. Mwafrika angejenga hizo nguzo, angefagia hizo ngazi, lakini kukaa chini afungue kitabu hapana. Kwa hivyo vijana wa Dandora na Umoja wakisimama ndani ya hilo jumba na maiki wanasoma mashairi yao kwa Sheng, na hakuna mtu wa kuwauliza wanatafuta nini, mi huwa naskia vizuri sana moyoni. Kimajengo pia hakuna kama hiyo Nairobi, zile nguzo za mawe na dari ya juu. Kama una mgeni kutoka nje, huyo mpeleke hapo. Kama una mtoto, mlete Kaloleni.

Makadara sitasema mengi, nimeenda huko mara chache tu, lakini kwa vijana wa sekondari na wa koleji nadhani ndio inawafaa, iko karibu na Jogoo Road na programu zenye nilipata zilikua za wakubwa kidogo, filamu na mazungumzo baadaye.

Vitu vya kujipanga navyo. Hizi nyumba zilijengwa kusomewa, hazikujengwa kwa spika, kwa hivyo siku ya ngoma ni ya ngoma, kama una mtihani wa KCSE unasomea uliza mapema kwa deski kuna nini siku hiyo ndio uje asubuhi ama siku nyingine. Fika mapema, mikeka ya mbele huisha haraka na mtoto akikaa nyuma hataona kidole cha mtu wa nyatiti. Tangazo usingoje likufikie kwa WhatsApp ya ploti, pitia tu uulize wafanyikazi wa laibrari, wanajua ratiba na wanaongea na watu vizuri. Na tafadhali wazazi wenzangu, tuache kuinua simu tunarekodi mwanzo hadi mwisho, mbele ya mtoto wa mwenzako kuna mkono wako na skrini badala ya msimuliaji.

Kuna mtu aliniambia cha bure lazima kina mtego, na namuelewa, juu kuna mahali pengine tauni sitapataja tulienda tumeambiwa bure, kufika mlangoni ikawa kuna pesa ya kujisajili, na ndani watoto hawakupewa pa kukaa hadi tununue chakula. Huku sijawai ulizwa pesa ya programu na hakuna mwenye alinipigia simu baadaye kuniuzia kitu. Unaandika jina kwa kitabu unaingia.

Naipa nyota tano kwa tano Kaloleni, nne McMillan juu ya hiyo nauli. Na kama wewe mwenyewe unajua kupiga ala, ama kusuka vikapu, ama nyanyako anajua hadithi zenye hazijaisha, pitia deski uongee nao, waulize kama wanaweza kukupangia Jumamosi moja. Sisi wa Makongeni tutakuja, na mikeka tutabeba.