Mombasa ya kale: tungo za Muyaka au kuta za Fort Jesus?

Mgeni akifika Mombasa na ana siku moja tu, wengi wetu humpeleka Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na humo ndani kuna kipande cha ukuta ambacho mimi hukaa nacho kuliko mizinga yote: michoro ya mkaa na udongo mwekundu waliyoiacha Wareno waliokaa ngomeni. Merikebu, samaki, makanisa, watu. Ukiitazama kwa karibu unaona hamu ya mtu aliye mbali na kwao. Lakini sauti ya Mmvita mwenyewe, mwenyeji wa Mombasa, huisikii hapo.

Kwa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, unaisikia. Alilitoa shairi msikitini akalileta sokoni. Katika beti zake za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, mna vita vya Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na Sayyid Said, mtawala wa Omani, mna mapenzi, mna vijembe vya mtaani. Ugumu ni lahaja yake ya Kimvita: macho ni mato, njia ni ndia, na msomaji wa bara hukwama mapema. Msome kwa sauti, polepole. Sikio hufahamu kabla ya jicho.

Asiyejua Kiswahili aanze na ngome. Wewe unayekijua, anza na Muyaka, halafu ndiyo uende ngomeni. Hao Mazrui aliowatetea kwa tungo ndio walioishika ngome hiyo, hadi Sayyid Said alipoitwaa mwaka 1837.