Monita gani ununue kama kazi yako ni kuandika programu za michoro

Mwaka juzi nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa ambalo halikuwepo. Nilikuwa nachora anga la jioni, rangi ya machungwa chini ikipanda taratibu hadi bluu nzito juu, na kwenye monita yangu mpya anga hilo likatoka ngazi ngazi kama matuta ya shamba la mlimani. Nikabadili hesabu, nikabadili aina ya namba, nikailaumu kadi ya picha. Siku ya tatu nikachomeka kebo kwenye monita kuukuu ya ofisi ya jirani, anga likatoka laini. Hesabu zangu zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kioo ndicho kilichokuwa kinanidanganya.

Kwa hiyo kipimo changu hapa ni kimoja: monita inayokuonyesha namba ulizoziandika. Ukubwa, umbo na taa za urembo mgongoni vinafuata baadaye.

Weka tone dogo la maji kwenye kioo cha simu yako ya zamani uangalie. Tone linakuza, na utaona kila pikseli ina vipande vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Programu yako inaandika namba tatu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, yaani biti 8 kwa kila rangi. 256 mara 256 mara 256 ni rangi 16,777,216. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600, na kwa baiti 4 kila pikseli hiyo ni kama megabaiti 8.3 kwa picha moja. Mpaka hapo kompyuta ya bei ndogo na ya bei kubwa ziko sawa. Zinaachana kwenye paneli, yaani kioo chenyewe kinachotoa picha.

Paneli nyingi za bei nafuu zina biti 6 tu kwa kila rangi. Hizo ni ngazi 64, jumla rangi 262,144, idadi ileile ambayo VGA, mfumo wa picha wa IBM wa mwaka 1987, ilikuwa ikichagulia rangi zake 256. Namba zako zinaruka nne nne. Ukiomba 129, paneli ina 128 na 132, katikati hakuna kitu. Watengenezaji wanaziba pengo kwa mbinu inayoitwa FRC: katika picha nne zinazofuatana paneli inaonyesha 128 mara tatu na 132 mara moja, jicho linachanganya na kuona 129. Mbinu hii inagota kwenye 252, kwa hiyo unapata ngazi 253 badala ya 256. Ndiyo asili ya ile “rangi milioni 16.2” unayoikuta kwenye makaratasi ya baadhi ya monita: 253 kwa 253 kwa 253. Ukiona milioni 16.2, umeshajua ndani kuna nini. Ukiona milioni 16.7, bado uliza, maana wengine huandika hivyo hata kwa biti 6 yenye FRC.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninayoipendekeza kwanza.

Ya kwanza: IPS ya biti 8 kamili, inayofikia sRGB yote

Inchi 24 ya 1920 kwa 1080, au inchi 27 ya 2560 kwa 1440, inatosha kabisa. IPS ni aina ya paneli isiyobadilika rangi ukisogea kushoto au ukimwita mwenzako aje aangalie. sRGB, kanuni inayosema kila namba ni rangi gani, ndiyo lugha ya picha karibu zote za intaneti; HP na Microsoft waliipendekeza mwaka 1996, na mwaka 1999 ikawa kanuni ya kimataifa. Monita isiyofika sRGB inapausha kila kitu, nawe unakoza rangi kwenye programu ili zikupendeze, halafu kwa mteja zinawaka kama vitenge vipya.

Kwenye matangazo utakuta “72% NTSC”. NTSC hapa ni kanuni ya televisheni ya Marekani ya mwaka 1953, na asilimia 72 yake ni takriban ukubwa wa sRGB nzima. Hiyo chukua. “45% NTSC”, ambayo imejaa kwenye laptopu za bei ya chini, iache.

Ya pili: monita ya ofisi ya mtumba, IPS, yenye taa za LED

Kwa mfuko wa wengi wetu hii ndiyo ya kwanza kwa vitendo. Makampuni ya Ulaya yanabadilisha vifaa kwa mkupuo, na mzigo unafika Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi ukiwa bado na maisha marefu mbele. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wasanifu na wapiga picha ni bora kuliko mpya nyingi za bei hiyohiyo. Angalia mambo mawili. Kwanza, usichukue za kizazi cha taa za neli: nyeupe yake imegeuka njano kama karatasi ya zamani, na hakuna kitufe kitakachoirudisha. Pili, hakikisha ina HDMI au DisplayPort. Mlango wa zamani wa VGA unabeba rangi kama volti, na kebo mbovu inatia vivuli kwenye maandishi.

Ya tatu: OLED

Kila pikseli inajiwashia yenyewe, kwa hiyo 0 ni giza tupu. Kwa kuangalia kazi iliyokamilika sijaona kinachoishinda. Nimeishusha kwa sababu ya jinsi tunavyofanya kazi: dirisha la msimbo linakaa mahali pamoja saa kumi kwa siku, na alama zake zinaweza kubaki kwenye kioo daima. Tena paneli nyingine za OLED hazipangi vipande vitatu kwenye mstari mmoja, na maandishi madogo yanatoka na ukingo wa rangi.

Ya nne: biti 10 yenye eneo pana la rangi

Ngazi 1024 kwa kila rangi, zaidi ya rangi bilioni moja. Nyingi ni biti 8 zenye FRC, na kwa hapa si kasoro kubwa. Lakini monita peke yake haikupi biti 10. Programu lazima iziombe. Kwenye DirectX, maktaba ya michoro ya Microsoft, kwa mfano, kuna muundo wa R10G10B10A2: biti 32 zilezile, ila zimegawanywa 10, 10, 10 na 2 za uwazi. Usipoomba, unaandika biti 8 kama zamani.

Hatari ya monita hizi ni hiyo rangi pana yenyewe. Nyekundu ya 255, 0, 0 inatoka kali kuliko sRGB ilivyokusudia, na programu isiyosimamia rangi haitakuambia. Nunua yenye hali ya sRGB kwenye menyu yake, vinginevyo iachie mtu wa filamu au wa HDR, yaani picha zenye mwanga mkali na giza nzito kwa pamoja.

Ya tano: IPS ya biti 6 yenye FRC. Kwa mwanafunzi anayeanza inafaa. Ijue tu, usije ukahangaika kama mimi.

Ya sita: VA, aina nyingine ya paneli. Weusi wake ni mzito, kontrasti (mwanga wa weupe ukilinganishwa na weusi) ya 3000 kwa 1 ni ya kawaida wakati IPS iko karibu na 1000 kwa 1. Tatizo ni kwamba rangi za giza zinabadilika ukisogea, na vitu vyeusi vinavyotembea huacha mkia. Sinema sawa, kupima rangi hapana.

Ya saba: televisheni iliyogeuzwa monita. Televisheni nyingi zinapunguza taarifa ya rangi kabla ya kuonyesha, pikseli nne zikigawana rangi moja. Ukiandika maneno mekundu juu ya bluu, yanavurugika. Baadhi zinaacha ukibadilisha jina la mlango wa HDMI kuwa PC. Jaribu kabla ya kulipa.

Ya mwisho: TN, nayo ni aina ya paneli. Inamisha kichwa tu, rangi imebadilika. Hata ikishushwa bei, iache kwa mchezaji wa gemu.

Kupima dukani

Usiamini boksi. Mimi huenda na laptopu, kebo yangu ya HDMI na picha tatu za PNG nilizozitengeneza kwa saizi halisi ya kioo. “Bosi, hii IPS full HD, haina shida,” kijana wa duka aliniambia mara ya mwisho. Nikamwomba dakika tano. “Chomeka tu, umeme upo.”

Picha ya kwanza ni mteremko wa kijivu kutoka 0 hadi 255. Kwenye kioo cha pikseli 1920 kila ngazi ina upana wa pikseli 7 au 8, na macho yanaiona kama shuka moja. Paneli ya biti 6 isiyo na FRC inatoa mistari yenye upana wa pikseli 30. Huhitaji utaalamu kuiona.

Picha ya pili ni ya gama, yaani jinsi monita inavyogeuza namba kuwa mwanga, na hii ndiyo ninayoiamini zaidi. Nusu ya kioo weka mistari ya mlalo ya pikseli moja moja, mmoja mweusi mmoja mweupe. Nusu ya pili jaza kijivu cha 188. Rudi hatua tatu nyuma: nusu mbili zinapaswa kufanana. Wengi wanadhani nusu ya mwanga ni 128, lakini katika sRGB 128 ni karibu asilimia 22 tu ya mwanga wote; nusu yenyewe iko 188. Monita ikionyesha tofauti kubwa, gama yake imepinda, na vivuli utakavyopanga humo vitakuwa vya uongo kwingine.

Picha ya tatu ni miraba ya 1, 2, 3 hadi 10 juu ya weusi wa 0. Ikipotea yote, weusi umemezwa. Ikiwa 0 yenyewe inaonekana kijivu, usiirudishe monita bado: huenda kadi ya picha imeidhania televisheni na inatuma 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Hilo linarekebishwa kwenye mipangilio ya kadi, bila shilingi.

Nyuso za watu zikitoka bluu, hapo kosa ni lako. Rangi uliyoiandika 0x00RRGGBB inakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta zetu kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, na umeisoma kinyume.

Ukifika nyumbani, siku hiyohiyo zima kontrasti ya kujibadilisha yenyewe na hali zote za “vivid”, weka sRGB, kisha rudia picha ya pili.