Santuri niliyouziwa kama "hali nzuri sana": uzoefu wangu na Where Did Our Love Go ya Supremes

Nianze na tundu, maana ndilo lililoniweka wiki nzima bila kusikia kitu. Santuri za inchi 7 zilizotengenezwa Marekani huwa na tundu pana katikati, kama kitako cha kikombe cha kahawa chungu, na mashine yangu ya kupigia santuri ina kile kijiti chembamba tu. Muuzaji hakusema, mimi sikuuliza. Fundi mmoja wa redio pale Mwembe Tayari, Mombasa, akanichongea kidude cha plastiki cha kuziba kwa shilingi 150, ndipo santuri ikakaa. Ukiagiza, uliza habari za tundu kabla ya kuuliza bei.

Yenyewe ni toleo la mwaka 1964, namba 1060 ya kampuni ya muziki ya Motown, lebo ya buluu yenye ramani na nyota palipo Detroit. Nimelipa shilingi 2,900 pamoja na posta. Muuzaji aliandika mtandaoni kwamba hali yake ni nzuri sana. Mfuko wa karatasi si wake wa asili, hilo ninamsamehe. Mkwaruzo je?

Uko pembeni kabisa, pale pale sindano inaposhukia. Na wimbo huu, kwa asiyeujua, unaanza kwa vishindo vitupu, kabla ya Diana Ross, mwimbaji mkuu wa Supremes, kikundi cha mabinti watatu, kufungua mdomo. Santuri inazunguka mara 45 kwa dakika, kwa hiyo mkwaruzo nao unalia mara 45 kwa dakika, tak, tak, huku vishindo vikienda kwa kasi yao wenyewe. Vinagongana kama ngoma za harusi mbili mtaa mmoja. Baadaye sindano inaupita mkwaruzo, na hapo ndipo nilipoanza kufaidi pesa yangu.

Miaka yote nilijua yale ni makofi. Nimeusikia wimbo huu kwenye simu, kwenye matatu, kwenye spika ya jirani, na siku zote ni makofi. Mamangu, aliyekuwa akichambua mchicha sebuleni, ndiye aliyenisahihisha. "Makofi gani? Hiyo ni miguu, mwanangu. Huzisikii mbao?" Nikarudia. Mbao kweli! Tarehe 8 Aprili 1964, katika studio ya Motown kule Detroit, Mike Valvano alisimama akikanyaga vipande vya mbao, na hicho ndicho kishindo kinachobeba wimbo mzima. Kwenye simu kinabaki ncha tu ya sauti. Kwenye santuri hii ya mono, yaani sauti zote zimo kwenye mkondo mmoja, kinatoka mahali pamoja na piano na besi, kizito, kina kifua. Mama hajui Kiingereza cha wimbo huo hata neno moja, lakini amecheza ngoma za wanawake tangu ujana wake na mguu anaujua.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wimbo huu ulikuwa mali iliyokataliwa. Watunzi wake, ndugu wawili Brian na Eddie Holland pamoja na Lamont Dozier, waliupeleka kwanza kwa Marvelettes, kikundi kingine cha mabinti waliokwisha kuipa Motown namba moja yake ya kwanza kwenye chati kuu ya pop mwaka 1961 kwa Please Mr. Postman. Marvelettes wakausikiliza na kuukataa. Ukaangukia kwa Supremes, ambao nao hawakuupenda, ila hawakuwa na ubavu wa kuchagua. Diana Ross, Mary Wilson na Florence Ballard walikuwa kwenye kampuni hiyo tangu 1961, santuri zao nyingi zimeanguka, na wenzao walishawapachika jina la kejeli, Supremes wasio na wimbo uliovuma.

Sasa sikiliza sauti. Ala za wimbo zilikuwa zimerekodiwa kwa kimo cha sauti ya Gladys Horton, mwimbaji wa Marvelettes, na kimo hicho kilikuwa chini kwa Diana, aliyezoea kupanda juu puani. Akalazimika kushuka. Kwenye santuri unamsikia yuko karibu, kama mtu anayelalamika kimoyomoyo huku amekuegemea bega, na hata hasira yake ya kupewa wimbo asioutaka nadhani imo humo. Nyuma yake Mary na Florence wanarudia "baby, baby" tu. Dozier alikuwa na mipango mikubwa ya sauti hizo za kuitikia, mazoezi yakawa ya mabishano, mwisho akarahisisha kila kitu. Kwa masikio yangu, urahisi huo ndio uliouokoa wimbo. Florence anaimba maneno hayo mawili kana kwamba amepewa shairi zima.

Ukatoka Juni, na mabinti wakapanda basi la msafara wa wanamuziki wa Dick Clark, mtangazaji wa televisheni, wakiwa majina ya mwisho kwenye orodha. Wimbo ukawa unapanda redioni huku wao wako barabarani. Agosti 22 ulikuwa namba moja Marekani, ukakaa wiki mbili, na wao wakamaliza msafara wakiwa ndio wanaosubiriwa. Baada ya hapo walipata namba moja nyingine nne mfululizo.

Lalamiko langu moja halimhusu muuzaji. Katikati ya wimbo saksofoni nene inaingia kwa muda mfupi, na ni ya Mike Terry. Lebo ina watunzi, ina kikundi, ina namba. Mpigaji hayumo, wala wa besi, wala wa piano. Motown haikuwa ikiwataja wapigaji wake miaka hiyo, nami nimeishika santuri hii mkononi nikaigeuza mara tatu nikitafuta jina.

Upande wa pili, He Means the World to Me, ni safi kabisa, hauna hata vumbi. Nimeupiga mara mbili. Inaelekea mwenye santuri wa kwanza naye aliupiga mara mbili.

Je, ninaipendekeza? Kwa mwenye mashine nzuri, ndiyo, ila mwombe muuzaji akurekodie sekunde 20 za mwanzo kwa simu kabla hujalipa. Picha hazionyeshi mkwaruzo. Asiye na mashine asijisumbue, wimbo ni wa dakika mbili na nusu hivi na kwenye simu bado ni mtamu.

Nilipomwandikia, muuzaji alijibu siku hiyo hiyo, akasema niirudishe anipe pesa zote, au nibaki nayo anirudishie nusu. Nimechukua nusu. Mama sasa hunihimiza niishushe sindano mbele kidogo, baada ya mkwaruzo, asiusikie ule ugomvi. Nimemkatalia. Miguu iko hapo hapo kwenye mkwaruzo.